Francis Bacon amchora Henry VII: kitabu cha waziri aliyefukuzwa kazi

Vitabu vya kusifu wafalme ni vingi, na vya kuwatukana si haba. Kinachopatikana kwa nadra ni kitabu cha mtu aliyekaa ndani ya serikali miaka mingi, akaelewa jinsi hazina inavyojazwa na jinsi hati ya kukamata mtu inavyotiwa saini, kisha akamweka mfalme mezani na kumchunguza kiungo kwa kiungo. Historia ya utawala wa Henry VII wa Uingereza, aliyoiandika Francis Bacon na kuchapishwa London mwaka 1622, ni ya aina hiyo. Kama rejea ya matukio na tarehe ina matundu mengi. Kama picha ya mtawala, na hasa ya mtawala mwenye hofu na mapenzi ya fedha, bado inafaa kununuliwa na kusomwa kalamu ikiwa mkononi.

Mazingira ya kuandikwa kwake yanaeleza uzuri wake na makosa yake kwa pamoja. Bacon alipanda ngazi zote za sheria na siasa: mbunge tangu 1581, Mwanasheria Mkuu wa Serikali mwaka 1613, Lodi Chansela mwaka 1618. Mei 1621 Bunge likamtia hatiani kwa rushwa. Adhabu ilikuwa faini ya pauni 40,000, kifungo katika Mnara wa London, kunyimwa wadhifa wowote na kiti bungeni, na kukatazwa kufika ndani ya maili 12 kutoka mahali alipo mfalme. Kifungo kilidumu siku chache tu na faini haikulipwa kamili. Marufuku ya kukaribia ikulu ndiyo iliyoathiri kitabu. Hati na maktaba zilikuwa London, naye yuko Gorhambury karibu na St Albans, akitegemea vitabu vilivyokwisha kuchapwa na dondoo alizonakiliwa kutoka maktaba ya mkusanyaji wa hati Robert Cotton. Hadi Oktoba mwaka huohuo muswada ulikuwa tayari kusomwa na Mfalme James I. Ni kazi ya miezi michache tu, na mwendo wake wa kasi unaonekana.

Mtu akiisoma lazima akumbuke pia nani alikuwa anaandikiwa. Margaret, binti wa Henry VII, aliolewa na James IV wa Uskoti mwaka 1503, na ni kwa nasaba hiyo James I alikalia kiti cha enzi cha Uingereza miaka mia baadaye. Kitabu kimetabarukiwa kwa mrithi wake, Charles. Kwa maneno mengine, waziri aliyefukuzwa anamwandikia bosi wake wa zamani juu ya babu wa kale wa bosi huyo, akitumaini kurudishwa kazini. Ungetarajia marashi na ubani. Bacon anasema katika tabaruku kwamba hakumpamba mfalme, bali alimchora jinsi alivyo kadiri alivyoweza, akiwa ameketi mbali na bila mwanga bora zaidi. Sehemu kubwa ya kauli hiyo inathibitika ndani ya kurasa. Sifa zipo, lakini karibu kila sifa ina ndoana. Mfano mmoja: anamwita mfalme huyu Suleimani wa Uingereza, jina ambalo James mwenyewe alipenda kupewa, halafu papo hapo anaongeza kwamba hata Suleimani aliwalemea watu wake kwa kodi.

Kitabu hakina sura. Kinaanza na vita vya Bosworth, ambako Henry alitwaa taji, tarehe 22 Agosti 1485, kinakwenda mwaka kwa mwaka bila kupumzika hadi kifo cha mfalme katika kasri la Richmond mwaka 1509, kisha kinafunga kwa picha ya tabia yake inayochukua kurasa chache. Ushauri kwa anayeanza: soma hizo kurasa za mwisho kwanza. Ukishazielewa, masimulizi yote yaliyotangulia yanakuwa ushahidi wa hoja moja, badala ya mlolongo wa mabalozi na mikataba.

Picha yenyewe imejengwa kwa ustadi mkubwa. Sura ya nje ya mfalme inachukua sentensi chache: mrefu kidogo kuliko wastani, mwembamba, uso wa heshima unaofanana kidogo na wa kasisi, na unaopendeza zaidi anapozungumza, jambo ambalo mchoraji hawezi kulinasa. Kisha Bacon anaingia ndani. Kuna mambo matatu, anasema, yanayowafunga raia kwa mfalme wao: upendo, hofu na heshima. Henry alikuwa na heshima kwa kiwango cha juu, hofu kwa kiwango cha kutosha, na upendo mdogo kiasi kwamba ulitegemea hivyo viwili vingine kumsimamisha. Kuhusu akili ya mfalme, anatoa hukumu ambayo sijaona mwandishi wa baadaye aliyeipita: hekima yake, kwa kuponyoka hatari mara nyingi, iligeuka kuwa wepesi wa kujinasua hatari inapombana, si uwezo wa kuiona ikiwa mbali na kuizuia. Jicho la akili yake liliona vizuri karibu, si mbali. Mtu akitaka kujua kwa nini utawala uliofanikiwa hivyo ulisumbuliwa na maasi tena na tena, jibu la Bacon liko hapo.

Hoja ya pili nzito ni juu ya watu aliowachagua. Henry aliwabana makabaila wakubwa na kuwapandisha makasisi na wanasheria. Hao walimtii zaidi, lakini hawakuwa na mizizi kwa wananchi. Bacon anaeleza faida na hasara kwa pumzi moja: mamlaka ya mfalme yaliongezeka, usalama wake ukapungua, kwa kuwa makabaila hawakumpinga lakini pia hawakumsaidia, walimwacha afanye kazi yake peke yake. Hakuna mwanahistoria wa chumbani ambaye angeandika hivyo. Hiyo ni sauti ya mtu aliyekuwa mmoja wa wanasheria hao waliopandishwa, na aliyeona jinsi mtu asiye na mizizi anavyong'olewa kwa kura moja ya Bunge.

Fedha ndiyo kiini cha kitabu, na hapa Bacon anastahili kusomwa polepole. Mwaka 1491 mfalme alitoza michango iliyoitwa ya hiari kwa ajili ya vita vya Ufaransa. Bacon anasimulia, na anasema wazi kwamba ni mapokeo, hoja ya Askofu Mkuu Morton, Lodi Chansela wa mfalme, iliyokuja kuitwa uma wake: anayeishi kwa kubana matumizi bila shaka ameweka akiba, basi atoe, anayeishi kwa anasa mali yake inaonekana kwa macho, basi naye atoe. Mwaka uliofuata vita vikaisha kwa mkataba wa Étaples karibu kabla havijaanza, na Ufaransa ikakubali kulipa krauni 745,000 za dhahabu kwa awamu. Bacon anaonyesha hesabu hiyo bila kupaza sauti: mfalme aliuza vita kwa raia wake, kisha akauza amani kwa adui.

Miaka ya mwisho ya utawala inaletwa na majina mawili, Richard Empson na Edmund Dudley, wanasheria wa mfalme, na Bacon anaeleza mbinu zao kama wakili anayesoma mashtaka. Mtu anashtakiwa na kutiwa ndani, lakini kesi haisikilizwi. Anaachwa aoze gerezani hadi akubali kulipa kiasi kinachoitwa punguzo la adhabu. Baadaye hata sura ya mahakama ikaachwa: watu waliitwa kwa hati mbele ya Empson na Dudley wenyewe, majumbani mwao, bila baraza la wazee wa mahakama. Aliyewekwa nje ya ulinzi wa sheria hakupewa hati ya msamaha mpaka atoe fedha nyingi kupita kiasi, na wakadai, bila msingi wowote wa sheria, kwamba mfalme ana haki ya nusu ya ardhi na kodi za mtu huyo kwa miaka miwili mizima. Sir William Capel, mzee wa baraza la jiji la London, alitozwa pauni 2,700 kwa sheria za adhabu zilizokuwa zimelala, akapatana kwa 1,600. Empson, anasema Bacon, angemkata pande jingine kama mfalme asingefariki wakati huohuo.

Kipande kinachozidi vyote katika sehemu hii ni kidogo sana. Bacon anasema aliwahi kuona daftari la hesabu la Empson lenye saini ya mfalme karibu kila ukurasa. Kulikuwa na ingizo la maki 5 (maki moja ni theluthi mbili ya pauni) zilizopokewa kwa ajili ya msamaha wa mtu fulani. Msamaha usipotoka, fedha zirudishwe, isipokuwa mtu huyo aridhishwe kwa njia nyingine. Pembeni mfalme aliandika kwa mkono wake kwamba ameridhishwa kwa njia nyingine. Mtawala wa nchi nzima anakagua maki 5! Hakuna maelezo marefu ya ubahili yanayoweza kushindana na ukingo wa ukurasa ule, na Bacon, ambaye kwa kawaida haachi jambo bila kulitolea hukumu, hapa anapita haraka na kumwachia msomaji.

Yapo masimulizi mengine ya aina hiyo yanayopendwa, ila yasichukuliwe kwa uzito uleule. Lile la Earl wa Oxford linasema mfalme alipomaliza karamu katika ngome ya Hedingham aliona safu mbili za watu waliovaa sare za mwenyeji wake, kinyume cha sheria iliyokataza makabaila kujiwekea majeshi ya binafsi. Akashukuru kwa ukarimu, akasema mwanasheria wake atakuwa na neno na bwana mwenye nyumba. Faini ikawa maki 15,000, yaani pauni 10,000. Bacon mwenyewe analileta kama uvumi uliobaki hadi zama zake, na wanahistoria wengi hawaliamini. Vivyo hivyo kima aliyeripotiwa kulichana daftari ambamo mfalme aliandika siri za watu, nao watumishi wa ikulu wakafurahi chini kwa chini. Ni kichekesho kizuri. Kama kilitokea ni swali jingine.

Wadai taji wa uongo wamegawiwa nafasi bila usawa, na hilo ni sahihi. Lambert Simnel, kijana aliyetawazwa Dublin Mei 1487 na kushindwa Stoke mwezi uliofuata, anamalizwa upesi: mfalme akampeleka jikoni kugeuza nyama motoni, baadaye akamfanya mtunza kozi. Perkin Warbeck, aliyejidai kuwa Richard, mwana wa Edward IV, anachukua sehemu nene ya kitabu na anastahili. Bacon anafuata jinsi uongo unavyotengenezwa: nani aliufundisha, maswali gani yalitarajiwa, mwanafunzi aambiwe nini kuhusu utoto wake, aoneshwe wapi kwanza. Kisha anatoa sentensi ambayo ingetosha kukifanya kitabu kidumu: kwa kusema uongo mara nyingi na kwa muda mrefu, Perkin aligeuka kutoka mwongo na kuwa mwenye kuamini.

Upande wa mfalme unaelezwa kwa undani uleule. Alituma majasusi Flanders wajifanye watoro waliomkimbia. Ili wasishukiwe, aliamuru majina yao yasomwe katika kanisa la St Paul's pamoja na maadui wa mfalme na walaaniwe hadharani. Robert Clifford, mfuasi wa Perkin, aliponunuliwa na kurudi Uingereza kutaja wenzake, mfalme alihamia kwanza katika Mnara wa London, ili mkubwa yeyote atakayetajwa akamatwe palepale bila hati kusambazwa wala kelele. Ikulu na gereza vikawa ndani ya ukuta mmoja. Aliyetajwa alikuwa Sir William Stanley, yuleyule ambaye kikosi chake kilimwokoa Henry pale Bosworth. Alikatwa kichwa Februari 1495. Bacon anaorodhesha kilichokutwa katika ngome yake, maki 40,000 za fedha taslimu na vyombo, bila kuhesabu vito na mifugo, na anadokeza kuwa utajiri huo haukumsaidia. Anaongeza kile mfalme alichokumbuka: Stanley alifika Bosworth mapema kiasi cha kumwokoa, lakini alikawia kiasi cha kumhatarisha.

Kwa msomaji wa sheria, kurasa za mabunge ni hazina. Bacon anasifu sheria za Henry kwa kuwa hazikutungwa kwa kuchochewa na tukio la siku ile, bali kwa kutazama mbele. (Ndiyo, hii inagongana na jicho lisiloona mbali tulilotajiwa; sidhani kama Bacon alijali kuzipatanisha.) Sheria ya 1489 iliamuru nyumba zote za shamba zenye ekari 20 au zaidi zitunzwe na ardhi yake iendelee kulimwa, ili wenye mali wasiwafukuze wakulima na kujaza kondoo. Bacon anaifuata hadi mahali wengi wasipofika: mkulima mwenye uwezo ndiye askari mzuri wa miguu, na nchi yenye mabwana na makabwela peke yake italazimika kukodi askari wa kigeni. Sheria ya 1495 ya kumlinda anayemtumikia mfalme aliyepo, hata kama haki ya mfalme huyo juu ya taji ina shaka, inapewa ufafanuzi unaofaa darasani hata leo. Ile ya mwaka huohuo ya kuwapa maskini hati na mawakili bila malipo anaigusa kwa ufupi, na ni hasara.

Kinachochosha ni mambo ya nje. Sakata la Brittany, dola ndogo iliyotakwa na Ufaransa, na mabalozi wake wa kwenda na kurudi linajaza kurasa nyingi, na hotuba zimewekwa mle kwa mtindo wa wanahistoria wa kale Thucydides na Livy: zinaeleza hoja za wakati ule, lakini maneno mengi ni ya Bacon. Msomaji asinukuu hotuba ya Perkin mbele ya James IV kama maneno ya Perkin. Unaweza kuruka hotuba mbili za Brittany usipoteze chochote. Usiruke kipande cha 1505 ambapo mfalme mjane, akitafuta mke, anawatuma watu watatu kumkagua malkia kijana wa Napoli kwa maagizo ya kina juu ya umbo, ngozi na tabia yake. Ni Henry yuleyule wa daftari la Empson, safari hii akikagua bibi harusi.

Sasa makosa, maana ni lazima yajulikane. Mengi yalitoka kwa kutegemea historia ya John Speed ya mwaka 1611. Bacon anasema baada ya Bosworth mfalme aliingia London ndani ya gari lililofunikwa. Mshairi wa ikulu Bernard André aliandika kwa Kilatini kwamba aliingia kwa furaha; Speed akasoma herufi vibaya, ikawa aliingia kwa kificho. Bacon akaichukua, kisha akaitungia sababu: mfalme aliyekuwa mkimbizi alichagua kutia watu hofu badala ya kujipendekeza kwao. Tukio halikuwepo, sababu imebaki, na inavutia kiasi kwamba vitabu vingi viliirudia. Kwa njia hiyohiyo Perkin amefanywa mtoto wa ubatizo wa Edward IV, na Bacon anadokeza kwamba huenda damu ya mfalme ilikuwemo; kwa André, aliyebatizwa chini ya udhamini wa Edward alikuwa Myahudi ambaye Perkin alimtumikia. Hii ndiyo hatari ya Bacon: akili yake ni kali mno, kosa dogo likiingia analijengea nadharia. Hazina ya karibu pauni 1,800,000 anayosema iliachwa Richmond ameiandika kama mapokeo, na wanahistoria wa leo wanaiona imezidishwa sana. Ukiona Bacon anaeleza tabia, mwamini hadi upate sababu ya kutomwamini. Ukiona anataja tarehe au kiasi, hakikisha kwingine kabla ya kunukuu.

Mambo mawili ya kujua kabla ya kuanza. Maki haikuwa sarafu bali kipimo cha hesabu, theluthi mbili ya pauni, yaani shilingi 13 na peni 4. Na mwaka wa Uingereza wakati huo ulianza 25 Machi, hivyo kifo cha Stanley cha Februari 1495 katika hesabu ya kale ni 1494. Weka pia pembeni mti wa ukoo wa York na Lancaster, nasaba mbili zilizogombea taji, kwa sababu Bacon anadhani tayari unawajua wote.

Kuhusu toleo: la Brian Vickers, lililotolewa na Cambridge mwaka 1998, ndilo bora kwa msomaji wa mara ya kwanza, lina maelezo ya kutosha na maandishi mengine mafupi ya Bacon ndani yake. La Jerry Weinberger la 1996 lina insha ndefu ya tafsiri ya kisiasa, nzuri kwa anayebishana zaidi kuliko anayejifunza. Asiye na fedha atumie James Spedding wa karne ya 19, ambaye hana tena hakimiliki; maelezo yake ya chini ya ukurasa yanayosahihisha tarehe za Bacon bado yanategemewa. Zikwepe nakala za bei rahisi zilizochapwa moja kwa moja kutoka skani za toleo la kale: mashine husoma s ndefu kama f, na mara nyingi tabaruku kwa Charles huwa imeachwa nje.